Hita Janja na Maji ya Kuoga katika Nyanda za Juu Kusini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya katika kazi yangu ya ufundi umeme, kutoka kwa wateja na majirani wa Mbeya, Njombe, Iringa na Tukuyu. Mengi huulizwa mwezi Juni na Julai, wakati ambapo joto la usiku hushuka chini ya nyuzi 10 na hakuna mtu anayependa kumwagia mtoto maji ya bomba kabla ya kwenda shule. Pale ambapo jibu lilikwisha kutolewa, nimetaja namba ya swali badala ya kulirudia.

## Mambo ya msingi

1. Hita janja ni nini, na inatofautianaje na hita ya kawaida?

Hita ya kawaida yenye tangi ina koili inayopasha maji na themostati inayoikata joto likifika kiwango kilichowekwa. Themostati hiyo haijui ni saa ngapi wala haijui kama nyumbani kuna mtu. Maji yakipoa kidogo inawasha, hata kama familia nzima iko shambani hadi jioni.

Hita janja huongeza mambo matatu juu ya hayo: ratiba ya kuwasha na kuzima, kipimo cha umeme uliotumika, na mawasiliano na simu yako. Uwezo huo unaweza kuwa umejengwa ndani ya hita yenyewe, au ukaongezwa kwenye hita uliyonayo kwa kufunga swichi janja kwenye waya wake. Koili yenyewe haibadiliki: karibu umeme wote unaoingia ndani yake hugeuka joto, iwe janja au isiwe janja. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba hita yake janja "inachemsha kwa nusu ya umeme", mwulize nusu hiyo inatoka wapi. Akiba hutokana na kupunguza joto linalopotea na maji ya moto yasiyo na mtumiaji.

2. Maji ya kuoga ya mtu mmoja hula uniti ngapi?

Kanuni rahisi ya kukumbuka ni kwamba uniti moja ya umeme hupandisha joto la lita 86 za maji kwa nyuzi 10. Ndoo ya lita 20, ikianza na nyuzi 15 na kufika nyuzi 40 zinazofaa kuogea, inahitaji uniti 0.58 hivi. Familia ya watu watano, kila mmoja akioga ndoo moja kwa siku, inatumia karibu uniti 3 kwa siku, yaani kama uniti 87 kwa mwezi, kabla hujawasha taa wala friji. Hesabu hiyo haibadilishwi na kifaa chochote, kwa sababu ni joto lililoingia ndani ya maji yenyewe. Ukitaka kuipunguza, tumia maji kidogo zaidi au acha jua likusaidie (tazama swali la 17).

3. Hita ya bafuni niliyokuwa nayo Dar es Salaam ilitosha kabisa. Mbona hapa Mbeya inatoa maji ya vuguvugu tu?

Hita haijaharibika. Hita ya papo kwa papo, ile inayofungwa juu ya bomba la mvua bila tangi, hupasha maji yakiwa yanapita, na nguvu yake haibadiliki. Chukua yenye kilowati 4.5. Dar es Salaam maji yakiingia na nyuzi 27, inatakiwa kuongeza nyuzi 13 tu kufika 40, na inaweza kutoa karibu lita 5 kwa dakika. Julai hii nilichovya kipimajoto kwenye maji ya bomba huko Uyole saa kumi na mbili asubuhi, kikasoma nyuzi 14. Kutoka hapo hadi 40 ni nyuzi 26, na hita ileile itatoa lita mbili na nusu kwa dakika, mkondo mwembamba ambao mwogaji huufungua zaidi kwa kukosa subira, na papo hapo maji yanapoa.

Katika aina hii ya hita, ujanja wa kuwasha kwa simu una faida ndogo sana kwa sababu hakuna maji yanayohifadhiwa. Kinachosaidia ni kichwa cha bomba la mvua chenye matundu madogo. Nguvu kubwa zaidi inahitaji waya mkubwa zaidi, na hilo ni jambo la fundi (swali la 12).

4. Basi hita janja ya tangi itaniokolea kiasi gani hasa?

Nitatoa mfano wa tangi la nyumbani kwangu, lita 50, lililopangwa nyuzi 60. Likiachwa limewashwa mchana na usiku bila mtu kufungua bomba, hula karibu uniti moja kwa siku kwa ajili ya kurudisha joto linalotoka kupitia kuta zake. Chumba kikiwa na baridi, joto hutoka kwa kasi zaidi, na ndiyo maana hasara hii ni kubwa zaidi Makete au Njombe kuliko Kyela.

Ratiba inapoliwasha tangi saa kumi alfajiri, likawa tayari saa kumi na mbili kasorobo, kisha likazimwa hadi jioni, maji hukaa yakiwa yamepoa kwa sehemu kubwa ya siku, na maji yaliyopoa hupoteza joto kidogo. Kwangu hasara ilishuka hadi karibu nusu uniti. Hiyo ni akiba ya uniti 15 kwa mwezi, na kwa bei ya takribani shilingi 356 kwa uniti, pamoja na kodi na tozo, ni shilingi 5,300 hivi. Fedha hizo zina maana, lakini zilinganishe na bei ya kifaa na malipo ya fundi kabla ya kuamua.

Aliyekuwa akisahau kuzima hita na kusafiri wiki nzima ataokoa zaidi. Aliyekuwa na nidhamu ya kuzima mwenyewe kwa mkono ataokoa karibu sifuri, ila atalala usingizi wake mpaka asubuhi.

5. Je, taima ya kawaida isiyo na intaneti haitoshi?

Kwa nyumba nyingi inatosha. Ikiwa watu wako wanaoga saa zilezile kila siku, taima ya kufungwa kwenye boksi la sakiti breka itakupa sehemu kubwa ya akiba niliyoitaja katika swali la 4. Kifaa janja kinakuwa na thamani pale ratiba inapobadilikabadilika, pale unapotaka kupima, au pale unapofika Makambako ukiwa kwenye basi na ukapenda ukute maji tayari.

6. Nianze na nini kabla ya kununua kifaa chochote?

Anza na kufunika. Bomba la maji moto linalotoka kwenye tangi hadi bafuni, hasa likipita juu ya dari au nje ya ukuta, lifunikwe kwa sponji ya mabomba. Mita tano za bomba lililo wazi humwaga joto kila mara mtu anapooga, na maji yanayobaki ndani yake hupoa yote. Tangi la zamani linaweza kuvikwa blanketi maalumu la kuzuia joto, lakini usifunike kifuniko cha sehemu ya umeme wala vali ya usalama.

Kisha punguza maji kwa kubadilisha kichwa cha bomba la mvua. Baada ya hapo ndipo ratiba, na mwisho ndipo simu. Nimeona nyumba za Gangilonga zenye swichi ya gharama kubwa ukutani huku bomba la maji moto likiwa halijafunikwa nje ya nyumba, likipigwa upepo usiku kucha, na huwa naumia kuona fedha ya mtu ikipotea kwa mpangilio huo.

## LUKU na bei ya umeme

7. Nikifunga hita, nitapoteza uniti za bei nafuu?

Inawezekana sana. Kundi la D1 ni la wateja ambao matumizi yao ya kawaida hayazidi uniti 75 kwa mwezi. Kwa bei zilizoidhinishwa mwaka 2016 na EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, uniti hizo 75 ni shilingi 100 kila moja na zinazozidi ni shilingi 350, kabla ya kodi na tozo. Anayezidi mara kwa mara huhamishiwa kundi la matumizi ya kawaida, T1, ambako uniti zote zina bei moja ya juu. Ukirudi kwenye hesabu ya swali la 2 utaona kwamba ndoo tano za umeme kwa siku zinatosha peke yake kuvuka 75.

Kwa mteja wa D1, basi, kipimo ndani ya swichi janja kina thamani kuliko ratiba yenyewe. Kinakuonyesha tarehe 18 ya mwezi kwamba hita imekwisha kula uniti 40, na unaamua mapema kama siku zilizobaki maji yatapashwa kwa jua au kwa jiko.

8. Nasikia nje ya nchi watu huchemsha maji usiku wa manane kwa bei ndogo. Tufanye hivyo hapa?

Ufaransa kuna bei ya saa zenye matumizi madogo, na hita za matangi zimekuwa zikiwashwa usiku kwa ishara inayotumwa kupitia waya wa umeme tangu zamani, kabla ya intaneti. Afrika Kusini baadhi ya manispaa huzima hita za majumbani kwa mbali wakati wa jioni, gridi inapozidiwa. Hapa kwetu, mfumo wa LUKU, yaani mita za kulipia umeme kabla ya kuutumia, kwa wateja wa majumbani hautofautishi usiku na mchana: uniti ya saa nane usiku ina bei ileile ya saa mbili jioni. Ukipasha maji saa nane usiku ili kuyatumia saa kumi na mbili, unaongeza saa nne za kupoteza joto bila kulipwa chochote. Pasha karibu kadiri inavyowezekana na wakati wa kuoga. Baadhi ya vifaa vya kutoka nje vina hali ya "usiku nafuu" iliyowekwa tayari kiwandani, na unapaswa kuiondoa.

9. Nitajuaje hita yangu inakula kiasi gani bila kununua kipimo?

Zima kila kitu isipokuwa hita, friji ikiwemo. Soma uniti zilizobaki kwenye mita ya LUKU na uandike. Acha tangi lipashe kutoka maji baridi hadi themostati ikate, kisha soma tena. Kesho yake rudia, lakini safari hii tangi likiwa tayari limeshapata moto na bila kufungua bomba kwa saa kumi. Tofauti utakayoipata ni hasara ya tangi pekee. Ikiwa ni ndogo sana, usinunue kifaa kwa ajili ya akiba.

10. Sisi wapangaji tuna LUKU moja, na mmoja ana hita. Tutagawana vipi?

Ugomvi wa namna hii nimeusuluhisha mara nyingi kuliko nilivyofunga hita. Swichi janja yenye kipimo, ikifungwa kwenye waya wa hita hiyo pekee, huhesabu uniti zake mwezi mzima. Mwenye hita anunue uniti hizo, na zilizobaki zigawanywe kwa utaratibu wenu wa kawaida. Mkubaliane tangu mwanzo kwamba kila mpangaji anaruhusiwa kuona namba, si mwenye simu tu, kwa sababu kipimo kinachosomwa na mtu mmoja hakimalizi manung'uniko.

## Kufunga na usalama

11. Naweza kuchomeka hita kwenye soketi janja?

Kwa hita nyingi, hapana. Soketi janja iliyoandikwa ampea 10 inabeba wati 2,300 kwa umeme wetu wa volti 230, na hapo ni kwenye ukomo wake. Hita ya wati 3,000 inavuta ampea 13 kwa saa nzima au mbili mfululizo, kazi nzito kuliko ya kuchajia simu au kuwasha taa.

Mwaka jana niliitwa kwenye nyumba moja huko Iyunga, maji ya bafuni yalikuwa yanatoa mvuke. Soketi janja ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia kama mkate ulioungua upande mmoja, na ilinuka plastiki. Niliichomoa kwa shida, nikaifungua mezani: vile vipande viwili vya chuma vinavyogusana ndani ya swichi vilikuwa vimeyeyuka na kushikana. Simu ya mama mwenye nyumba ilikuwa bado inaonyesha "imezimwa". Themostati ya tangi nayo ilikuwa mbovu, kwa hiyo hakukuwa na kitu chochote cha kuizuia koili isipokuwa vali ya usalama.

Njia sahihi ni swichi janja ndogo inayoamuru kontakta (swichi nzito inayofungwa na kufunguliwa kwa umeme), na kontakta ndiyo ibebe mzigo wa hita. Laini ya hita iwe na sakiti breka yake na kinga ya kuvuja umeme ya miliampea 30.

12. Nani anaruhusiwa kufunga?

Fundi mwenye leseni ya ufungaji umeme kutoka EWURA. Mwombe akuonyeshe leseni, na umwombe pia apime waya wa ardhi mbele yako, maana nyumba nyingi za zamani zina soketi yenye tundu la tatu lisilounganishwa na kitu.

13. Na ile koili ya kuchovya kwenye ndoo, naweza kuiwasha kwa simu?

Usifanye hivyo kamwe. Koili ya ndoo ikiwashwa bila maji huungua ndani ya muda mfupi na inaweza kuchoma nyumba, na mtu akitia mkono kwenye maji huku wewe ukiiwasha kutoka kazini, anaweza kufa. Kifaa hicho kinahitaji mtu mzima aliyesimama pale, na plagi ichomolewe kabla ya mtu yeyote kugusa maji.

14. Nipange joto kiasi gani? Nyuzi 45 si zitaokoa umeme zaidi?

Zitaokoa, lakini kuna sababu ya kiafya ya kutofanya hivyo. Bakteria wa lejionela, wanaoleta homa kali ya mapafu, huzaliana vizuri katika maji ya kati ya nyuzi 20 na 45, na hutuingia tunapovuta matone madogo ya maji bafuni. Tangi linalohifadhi maji lifikie nyuzi 60. Ikiwa ratiba yako huliacha likipoa kwa siku kadhaa, weka angalau siku moja ya wiki lipande hadi 60 na likae hapo kwa saa moja.

Upande wa pili, maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache, na ya mtoto au mzee haraka zaidi. Funga vali ya kuchanganya maji, au wafundishe wote nyumbani kufungua baridi kwanza.

15. Vali ya tangi inadondosha maji kila asubuhi baada ya ratiba kuwasha. Ni mbovu?

Mara nyingi ni nzima. Maji ya lita 50 yakipanda kutoka nyuzi 15 hadi 60 huongezeka ujazo kwa karibu lita 0.8, na ziada hiyo lazima itoke mahali. Ikidondosha hata tangi likiwa baridi, mwite fundi bomba. Usiizibe kwa sababu yoyote ile.

## Mtandao na kukatika kwa umeme

16. Sina waifai, na umeme hukatika mara kwa mara. Kifaa kitafanya kazi?

Kwanza mtandao. Vifaa vingi huhifadhi ratiba ndani yake, na bando la simu linahitajika siku ya kupanga tu. Vipo pia vinavyotumia laini ya simu na kupokea amri kwa ujumbe mfupi, ambavyo navipendelea kwa vijijini Rungwe na Mufindi. Ukiwa na ruta na kifaa kikakataa kuunganishwa, kagua kwanza kama ruta inatoa masafa ya gigahezi 2.4, maana vifaa vya bei nafuu havishiki masafa ya gigahezi 5.

Kukatika kwa umeme ni jambo zito zaidi. Kifaa kisicho na betri ya saa hupoteza muda umeme unapokatika, na kikirudi bila intaneti kinaweza kudhani ni saa sita usiku wakati ni saa tatu asubuhi, kisha ratiba yote ikapinda. Uliza dukani kama kina saa yenye betri yake. Pili, katika mipangilio kuna swali la nini kifanyike umeme ukirudi: chagua "ibaki imezimwa". Umeme hurudi mara nyingi ukiyumba, na hita zote za mtaa zikirudi kwa pamoja huuyumbisha zaidi.

## Jua na ujanja

17. Hita ya jua inafanya kazi wakati wa baridi kali?

Mbeya na Iringa mjini, ndiyo. Miezi yetu ya baridi ndiyo ya kiangazi, anga huwa halina mawingu mengi mchana, na kinachopasha maji ni mwanga wa jua, hata kama hewa ni ya baridi. Elekeza paneli kaskazini, kwa sababu mwezi Juni jua la adhuhuri hapa Mbeya liko nyuzi 32 za pembe kaskazini ya utosi. Tukuyu, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na kwenye ukungu wa Mufindi, tegemea jua kwa sehemu tu.

18. Hita yangu ya jua ina koili ya umeme ya akiba. Niipangeje?

Hapa ndipo kifaa janja hulipa kuliko mahali pengine popote. Koili ya akiba ikiachwa kwenye themostati yake, huwaka alfajiri watu wakishaoga, na jua linapotoka linakuta tangi limejaa maji ya moto uliyoyanunua, kwa hiyo halina kazi ya kufanya. Zuia koili kuanzia alfajiri hadi saa kumi na moja jioni. Saa hiyo kifaa kisome kipimajoto cha tangi: likiwa chini ya nyuzi 45, kiwashe, likiwa juu, kiache. Siku za kiangazi utashangaa jinsi koili inavyokaa kimya wiki nzima, na hapo ndipo siku ya nyuzi 60 ya swali la 14 isisahaulike ikiwa jua halikuifikia.

## Hali za pekee

19. Birika langu janja nimelipanga nyuzi 100 na halizimi. Lina kasoro?

Kasoro ni namba uliyoweka. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwa takribani nyuzi 94. Birika linalosubiri 98 au 100 litachemka hadi likauke. Lipange nyuzi 90, au tumia lile linalozimwa na mvuke. Hita ya tangi ya nyuzi 60 haiguswi na jambo hili.

20. Programu ya hita inajua saa ninazooga. Taarifa hizo zinalindwa?

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini seva za vifaa vingi ziko nje ya nchi. Grafu ya hita inaonyesha wazi siku ambazo nyumba haina mtu. Weka nywila ngumu, usimpe fundi akaunti yako, na kama kifaa kinaweza kuendeshwa ndani ya nyumba bila seva ya nje, chagua njia hiyo.

21. Nahama nyumba na hita inabaki. Nifanye nini na kifaa?

Kiondoe kwenye akaunti yako, kisha bonyeza kitufe chake kwa sekunde kadhaa mpaka kirudi katika hali ya kiwandani, na umwonyeshe mpangaji mpya sakiti breka ya hita ilipo. Kuna mteja wangu aliyehamia Songea akaacha kifaa bila kukifuta. Miezi miwili baadaye mwanawe, akichezea simu ya baba yake, alikuwa akiwasha na kuzima maji ya familia asiyoijua huko mtaa wa Forest, Mbeya.